Selimundu kwa watoto: wanayoambiwa akina mama na ukweli ulivyo

Mtoto ana miezi minane. Ameamka analia, vidole vya mikono vimevimba, nyayo zimevimba, na hataki mtu amguse. Jirani anasema kaumwa na mdudu. Bibi anasema ni jicho la watu. Kwenye duka la dawa wanatoa ya kushusha homa na ya malaria. Baada ya siku chache uvimbe unashuka wenyewe, na kila aliyetoa ushauri anaamini ushauri wake ndio uliomponya.

Uvimbe wa mikono na miguu kwa mtoto wa umri huo ni mojawapo ya dalili za mwanzo kabisa za selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, au siko seli kama wengi tunavyouita mtaani. Mama wa mtoto huyo hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia.

Hesabu zake si ndogo. Tanzania iko pamoja na Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na India katika orodha ya nchi ambako watoto wengi zaidi huzaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni watoto 11,000 kila mwaka, na mengine yanafika 14,000. Kwa Afrika kusini mwa Sahara inakadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya watoto wenye ugonjwa huu wasiogunduliwa mapema hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Wengi wao huzikwa kwa jina la ugonjwa mwingine: malaria, nimonia, upungufu wa damu. Ubaya mkubwa wa dhana potofu hapa ni kwamba zinakula muda, na mtoto wa selimundu hana muda wa kuliwa.

Nawaandikia akina mama kwa kuwa wao ndio walio na mtoto saa nane za usiku. Lakini akina baba, mama wakwe na mawifi nao wasome, maana sehemu kubwa ya maneno yanayomtesa mama huyu hutoka kwao.

“Kwetu hakuna ugonjwa huo, mama yake ndiye kauleta”

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalovunja nyumba. Mtoto akigundulika, kikao cha ukoo hukaa, na mwisho wa kikao mwanamke anarudishwa kwao na mtoto wake mgongoni.

Mtoto hupata selimundu, yaani SS, akirithi jeni (vinasaba) mbili zenye kasoro, zinazoitwa S: moja ya mama, moja ya baba. Mama peke yake hana njia ya kuzaa mtoto wa SS. Mwenye jeni moja ya S na moja ya kawaida huitwa AS, mbebaji, na kwa kawaida anaishi maisha yake yote bila dalili yoyote. Ndiyo maana baba mwenye kifua kipana, asiyewahi kulazwa hata siku moja, anaapa kwamba kwao hakuna. Tanzania wabebaji wanakadiriwa kuwa kati ya asilimia 13 na 20 ya watu. Katika arusi yenye wageni mia, zaidi ya kumi wanaibeba S na hawajui.

Jeni hii inaweza kupita kwa babu, kwa shangazi, kwa mjukuu, vizazi na vizazi, bila kumwonyesha mtu mgonjwa, mpaka siku mbebaji atakapozaa na mbebaji mwenzake. Na ukiwauliza wazee taratibu, mara nyingi utasikia kwamba bibi fulani alizika watoto watatu “waliokuwa na damu ndogo”. Watoto wale hawakupimwa. Kusema ukoo hauna ugonjwa, hali hakuna aliyepima, ni kumtupia mtu lawama gizani.

Kuna baba mwingine anayekubali kupima, kipimo cha haraka kinasema hana S, naye anahitimisha kwamba mtoto si wake. Baba huyo asubiri kwanza. Vipimo vya haraka vina makosa. Pia yako maradhi ya damu yanayofanana sana na selimundu, ambapo mtoto huchukua S kwa mzazi mmoja na jeni ya talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, kwa mwingine. Na kama mtoto aliongezewa damu hivi karibuni, kipimo chake kinasoma pia damu ya aliyemchangia. Majibu ya namna hii yanasomwa na mtaalamu, wazazi wote wawili wakiwa wamekaa, kabla mtu hajafunga virago vya mwenzake.

“Wa kwanza ameshaumwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima”

Hili linatokana na maelezo ya kliniki yaliyosikika nusu. Mama anaambiwa kwamba wazazi wawili wa AS wana uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuwa na ugonjwa. Anarudi nyumbani akiwa na hesabu ya zamu: mmoja keshapita, wamebaki watatu wa heri.

Hakuna zamu. Kila mimba inaanza upya: asilimia 25 mtoto kuwa SS, asilimia 50 kuwa mbebaji kama wazazi wake, asilimia 25 kutokuwa na S kabisa. Ni kama kurusha shilingi. Shilingi haikumbuki iliangukaje mara ya kwanza. Wazazi wa AS wakizaa watoto wanne, uwezekano wa kutopata hata mmoja mwenye selimundu ni takriban asilimia 32, na uwezekano wa kupata zaidi ya mmoja ni takriban asilimia 26. Kwa hiyo familia yenye watatu wagonjwa na jirani yao mwenye wanne wazima wanaweza kuwa na damu ileile ya wazazi. Wa kwanza hawakulaaniwa, na wa pili hawakufanya lolote kustahili.

Mzazi mwenye SS akizaa na asiye na S wala talasemia, watoto wote watakuwa wabebaji wazima. Akizaa na mbebaji, kila mimba ni nusu kwa nusu: SS au mbebaji. Ndiyo faida ya kupima kabla ya ndoa: watu waingie macho wazi, na uamuzi ubaki kuwa wao.

Wengine huchanganya jambo hili na kundi la damu. “Mimi ni O, mume wangu ni O, hatuna shida.” Kundi la damu halihusiani na selimundu hata kidogo. Mtu wa kundi lolote anaweza kuwa AS au SS, na kadi ya kuchangia damu haitakuonyesha. Na mtoto wa AS hageuki kuwa SS akikua. Alivyozaliwa ndivyo alivyo.

“Alizaliwa mzima kabisa, huu ni mkono wa mtu”

Ninaielewa hofu hii, kwa sababu macho ya mama hayadanganyi: mtoto alizaliwa na kilo zake, akanyonya, akacheka, akakua. Kisha kati ya miezi minne na sita mambo yakaanza. Lazima kuna kilichotokea katikati, anafikiri, na mtu wa kumshuku huwa hakosekani.

Kilichotokea ni hiki. Mtoto tumboni hutumia himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya aina yake, inayoitwa F, ambayo haina kasoro ya S. Anazaliwa nayo kwa wingi, na kwa miezi ya mwanzo inamlinda. Kisha mwili unaipunguza kidogo kidogo na kutengeneza ile ya ukubwani, na kwa mtoto wa SS hiyo ya ukubwani ndiyo yenye kasoro. Ugonjwa ulikuwepo tangu siku mimba ilipotunga, ulikuwa umefunikwa.

Kasoro yenyewe ni ndogo mno kwa madhara yake. James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika mwaka 1910 juu ya chembe nyekundu alizoziona kwenye damu ya mgonjwa zikiwa zimejipinda umbo la mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti hiyo ni kipande kimoja tu cha protini kilichobadilishwa. Kwa kipande hicho, chembe zikikosa oksijeni hukakamaa, hujipinda na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi; ya SS huishi kati ya siku 10 na 20, na ndiyo sababu damu ya mtoto huwa chini na macho yake huwa ya manjano.

Mama anayetaka kumwombea mwanawe amwombee, msikitini au kanisani, usiku na mchana. Lakini yeyote anayemwambia aache dawa ili imani yake ionekane, huyo anahatarisha maisha ya mtoto asiye wake.

“Mwenye selimundu haugui malaria”

Kati ya dhana zote hii inanitia hofu zaidi, kwa sababu inatokana na ukweli uliopinda. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipopima damu za watu mwaka 1949 aliona kwamba wabebaji wa S walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache sana nyanda za juu. Kule walikokuwa wengi ndiko malaria ilikokuwa imekita mizizi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba kubeba S kunamkinga mtu na malaria. Ndiyo maana jeni hii haikufutika: wabebaji walinusurika utotoni wakazaa. Ndiyo maana pia Mwanza, Mara, Tanga na pwani yote tunaizungumzia sana, na ndiyo maana ugonjwa huu uko hata Omani, India, Ugiriki na mashariki mwa Saudia, kote ambako malaria iliwahi kutawala.

Kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS tayari ana damu pungufu, na malaria inavunja hata ile kidogo aliyonayo; kwake ni miongoni mwa magonjwa yanayoua kwa haraka zaidi. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, kiangazi na masika, atumie dawa ya kuzuia malaria kama kliniki imempangia, na akipata homa apimwe, asikisiwe.

“Homa ni homa tu, tutaenda asubuhi”

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa mkono wa mama una nguvu kuliko mashine nyingi za hospitali.

Bandama, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, kazi yake mojawapo ni kuchuja bakteria kwenye damu. Kwa mtoto wa selimundu kinaharibika mapema, mara nyingi ndani ya miaka ya mwanzo ya maisha. Bakteria wa nimonia, ambao mtoto mwingine angepambana nao kwa siku kadhaa, huyu wanaweza kumuua katika saa chache. Mwaka 1986 utafiti uliochapishwa Marekani ulionyesha kwamba kumpa mtoto wa selimundu penisilini ya kunywa mara mbili kila siku kulipunguza maambukizi makali ya bakteria hao kwa asilimia 84. Dawa ya zamani, ya bei nafuu, na bado wapo watoto wengi wasioipata au walioachishwa kwa sababu “mbona haumwi”. Inatolewa mtoto akiwa haumwi, kwa makusudi hayo hayo, tangu miezi ya mwanzo hadi angalau miaka mitano. Chanjo ya nimonia iliingia katika ratiba ya taifa Tanzania mwaka 2013. Hakikisha kadi ya mwanao ina alama zake zote, na muulize daktari kama anahitaji za ziada.

Nunua kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, safari ya hospitali inaanza saa hiyo, hata kama ni usiku wa manane na bodaboda ni moja. Dawa ya homa itashusha joto na kumfanya achangamke, huku bakteria wakiendelea kuzaliana kwenye damu. Ukifika, sema mwanzoni kabisa: “Mwanangu ana selimundu na ana homa.” Usisubiri uulizwe kwenye foleni.

Jambo la pili ni bandama lenyewe. Mara nyingine damu hukimbilia humo na kunaswa. Tumbo linavimba upande wa kushoto, na mtoto anapauka na kuishiwa nguvu ndani ya muda mfupi. Jamaika, kisiwa kisicho tajiri, kilifanya jambo la busara: kliniki ya Kingston aliyoiongoza Graham Serjeant iliwafundisha akina mama kupapasa bandama la mtoto wao kila siku na kukimbia hospitali likikua ghafla. Vifo vya tatizo hilo vilishuka sana. Hawakuletewa mitambo. Walifundishwa tu kutumia vidole vyao.

Nawe unaweza. Mlaze mtoto chali, magoti yamekunjwa kidogo, tumbo limelegea. Weka vidole bapa upande wa kushoto chini, usawa wa kitovu, kisha panda polepole kuelekea mbavu. Kwa watoto wengi hutahisi kitu. Ukihisi ukingo mgumu, mwombe muuguzi akuonyeshe umefika wapi na muandike kwenye daftari ni vidole vingapi chini ya mbavu. Zoea tumbo la mwanao akiwa mzima, ili siku likibadilika ulijue. Likiongezeka ghafla, na viganja, ulimi na ndani ya kope vimekuwa vyeupe, usimpeleke kuchanjwa chale za bandama. Chale zinamtoa damu asiyokuwa nayo.

“Damu yake ndogo, mpe za kuongeza damu”

Matembele, mchicha, maini, juisi ya rozela: vyote ni vyakula vizuri, ale kama watoto wenzake. Lakini damu yake haipungui kwa kukosa madini ya chuma. Inapungua kwa sababu chembe zinavunjika haraka, na chuma cha chembe zilizovunjika hubaki mwilini. Vidonge vyenye chuma asipewe bila kipimo kuonyesha kwamba kweli ana upungufu. Anachohitaji kila siku ni foliki asidi, inayomsaidia kutengeneza chembe mpya.

Watoto wengi wa SS huishi na himoglobini ya kati ya 6 na 9, wakacheza na kwenda shule. Jua namba ya kawaida ya mwanao na uiandike mbele ya daftari lake. Siku ukifika zahanati ngeni wakaona 7 na kutaka kumwongezea damu haraka, daftari hilo litamsaidia daktari kujua kama 7 ni hatari au ni hali yake ya siku zote. Damu ya kuongezewa inaokoa maisha inapohitajika kweli. Ikitolewa mara kwa mara bila sababu, chuma hujaa kwenye ini na moyo, na mwili hauna njia ya kukitoa.

“Anadeka tu, mbona jana alikuwa anacheza?”

Maumivu ya selimundu huja na kuondoka. Mtoto anaweza kucheza kombolela jioni na usiku akalia kwa mfupa wa paja. Baridi, kiu, uchovu, homa na wasiwasi huyachochea. Maji ya kunywa muda wote, sweta asubuhi za baridi, kutokogeshwa maji ya baridi, kutocheza mpaka kuishiwa pumzi: haya ni tiba ya nyumbani yenye maana. Maumivu yakianza, mpe mapema dawa ya maumivu uliyoelekezwa na kliniki, na yasipotulia apelekwe. Hospitalini akipewa mofini, usimkataze kwa hofu kwamba atakuwa teja. Mtoto anayepewa mofini kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu makali anatibiwa. Na kucheka akiangalia katuni hakumaanishi haumwi. Wengi wamejifunza kuishi na maumivu ambayo mtu mzima angepiga nayo kelele.

Naomba pia viboko vya kukojoa kitandani vikome. Figo za mtoto huyu hushindwa kukaza mkojo, kwa hiyo anatoa mkojo mwingi, usiku na mchana. Tunamwambia anywe maji mengi, kisha tunampiga kwa kulowesha godoro, na shuleni anachekwa kikojozi. Mwalimu apewe barua ya kliniki: mtoto huyu ana ruhusa ya chupa ya maji mezani na ya kutoka kwenda chooni bila kuomba mara tatu, na asisimamishwe kwenye baridi wala kukimbizwa uwanjani kama adhabu.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, au maneno yakikwama ghafla, si upepo mbaya wala jini. Ni kiharusi. Bila uangalizi, takriban mtoto mmoja kati ya kumi wa SS hukipata kabla ya kufika miaka 20. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoangalia kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwani, kisichouma, kinachoonyesha nani yuko hatarini kabla hakijatokea. Uliza kama hospitali yako ya rufaa inacho.

“Haidroksiyurea ni dawa ya saratani, itamharibu mwanangu”

Ni kweli dawa hii ilianza kutumika kwa saratani za damu. Mama akisoma hivyo kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, hofu yake ina msingi, na anastahili jibu kamili.

Kwa mtoto wa selimundu inatolewa kwa dozi ndogo na kwa kazi nyingine: inauamsha mwili utengeneze tena ile himoglobini F ya utotoni, iliyomlinda miezi ya mwanzo. Mwaka 1995 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kwa watu wazima inapunguza vipindi vya maumivu makali kwa karibu nusu. Swali lililobaki lilikuwa la kwetu: je, mtoto wa Afrika, mwenye malaria na lishe ya shida, itamfaa? Jibu lilipatikana kwa watoto zaidi ya 600 wa umri wa mwaka mmoja hadi kumi huko Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda. Walipotumia dawa hii, maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa nusu hivi, kuongezewa damu kukashuka hadi kama theluthi, na vifo vikapungua.

Ina masharti. Damu ipimwe kwa vipindi, kwa kuwa inaweza kushusha chembe nyeupe. Kucha zinaweza kuwa nyeusi. Kijana wa kiume na msichana anayekaribia umri wa kuzaa wazungumze na daktari, maana inaweza kupunguza mbegu za kiume, na haitumiki wakati wa ujauzito. Inachukua miezi kadhaa kuonyesha faida, na ndiyo maana mama anayeiacha wiki ya tatu kwa kuwa “haijamsaidia” anaiacha kabla haijaanza kazi. Bei na upatikanaji bado ni kikwazo kwa familia nyingi, na hilo ni deni la serikali na bima za afya, si kosa la mama.

“Hawa hawafiki miaka kumi na minane” na “Nina dawa inayoponya kabisa”

Maneno mawili yanayopingana, na bado utayasikia katika mtaa mmoja. La kwanza linamfanya baba aone ada ya shule ni hasara. Jamaika, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba nusu ya wanaume wenye SS wanaishi zaidi ya miaka 53 na nusu ya wanawake zaidi ya miaka 58. Hapa kwetu wako walimu, wauguzi, wanasheria na akina mama wenye SS. Mtoto huyu asomeshwe.

La pili linauza chupa. Kuponya selimundu kunawezekana, kwa kupandikiza uloto, yaani uboho wa mifupa, kutoka kwa mtu anayelandana na mgonjwa, na mara nyingi huyo ni ndugu wa tumbo moja. Kila ndugu ana uwezekano wa asilimia 25 wa kulandana. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwafanyia watoto wa selimundu upandikizaji huo mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka huohuo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni, ambayo bei yake Marekani inazidi dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Mwenye chupa ya majani akikuambia nayo inaponya, mwombe majibu ya kipimo cha himoglobini cha mgonjwa wake, kabla na baada. Aliyepona hawezi kuendelea kusoma SS.

“Hana dalili, kwa nini nimpime?”

Kwa sababu penisilini, chanjo na mkono juu ya bandama vinafaa zaidi kabla dalili hazijaja. Tone la damu ya kisigino linatosha, na siku hizi kuna vipimo vya haraka vinavyotoa jibu ndani ya dakika 15 hivi, kisha jibu linathibitishwa kwa kipimo cha elektroforesi kinachotenganisha AS na SS. Kile kipimo cha zamani cha kuangalia kama chembe zinajipinda hakitenganishi mgonjwa na mbebaji, na kwa mtoto mchanga kinaweza kusema hana wakati anao. Kama jibu la mwanao lilitoka kwa kipimo hicho pekee, omba arudiwe. Uliza kliniki ya mama na mtoto unapojifungulia, na kama mmoja wa watoto wako ameshagundulika, wapeleke na ndugu zake wote wapimwe, hata yule mkubwa asiyewahi kuugua.